Maziwa ya Mnyaa

Madotori wa mimea wamekata tawi la mnyaa kwenye ua wangu, miwani usoni kama wachomelea vyuma, wananiuliza eti utomvu wake unadhuru macho? Wamesoma mpaka upara, hawajui! Mimi shule sikumaliza, nina malori matatu kwenye mradi wa gesi wa Afungi, na jibu ninalo tangu utotoni.

Harufu ilikuwa hiihii, chungu. Nilivunja tawi, utomvu ukanirukia jichoni, nikawa sioni. Mama akanikokota hadi kwa jirani aliyejifungua.

“Shoga, mkamulie huyu, jicho linakwenda!”

“Fumbua, baba. Mwanaume unalia hivyo?”

Maziwa yake yakadondoka, ya vuguvugu, tone baada ya tone, mpaka nikaiona pua yake, na mkekani mtoto wake mchanga akilia njaa.