Nani Alimsomesha Andjelani?

Siku yangu ya kwanza katika shule ya wauguzi ya Baraka, mtu alinifungia ndama mlangoni. Alikuwa mzee mfugaji aliyeteremka kutoka milima ya Bibokoboko. "Hii njo minerval ya mutoto wangu," akasema, kisha akaenda kutafuta chai. Minerval ni karo ya shule. Mimi nilikuwa nimetoka Fizi, ambako nilikaa miaka mingi kwenye kese, dirisha la malipo la hospitali, nikipokea noti zilizokunjwa, na huko hakuna aliyenifundisha ndama anapokelewaje. Nikamkimbilia Masera Mkurugenzi, mtawa aliyekuwa mkubwa wetu wa shule.

"Masera, nifanye nini na ngombe?"

"We njo percepteur," akajibu bila kuinua macho. "Pokea."

Percepteur ndiye mpokea malipo, basi nikapokea. Ndama akala maua yote ya Masera, na kabla ya jioni nikaitwa kuulizwa nani alimruhusu ndama kuingia shuleni. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, nimechanganyikiwa. Nawaambia mapema msije mkanidai hekima ambayo sina.

Nyinyi vijana mnaotaka uuguzi mnakuja kwangu kila wiki kuuliza karo inapatikana wapi. Wakati wangu ilipatikana kila mahali na haikupatikana popote. Wako waliouza mihogo na samaki. Wako waliolipiwa na kanisa, na kila Jumapili ilibidi waimbe kwaya hata kama sauti ni ya chura. Wakimbizi wa Burundi walilipiwa na mashirika, na mradi ukifungwa wanabaki wananitazama mimi kana kwamba mradi ni wangu. Wengine walikopa kwenye vikundi vya akina mama, wale wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana. Kila njia ilikuwa na kamba yake, na kamba hiyo huioni mpaka siku unapotaka kuondoka.

Na jambo moja lilinisumbua tangu mwanzo. Kwenye risiti tuliandika jina la mwanafunzi tu. Nilipomuuliza Masera kwa nini hatuandiki jina la aliyelipa, alicheka. "Mwenye kulipa anajulikana na batu," akasema. Mimi sikumjua, lakini nani angebishana na Masera?

Sasa niwaeleze habari ya Andjelani, maana ndiyo iliyonimaliza.

Andjelani alikuwa yatima wa Lubondja. Alilelewa na kikundi cha akina mama wakulima, leo analala kwa huyu, kesho anakula kwa yule. Ndio waliomleta shuleni, na kiongozi wao, ambaye watu wote walimwita Mama Prezidenti, alinieleza mpango wao akiwa amesimama, kiti amekikataa. Kikundi kingemkopesha Andjelani karo yote. Naye asingerudisha fedha, angerudi Lubondja kuzalisha.

"Bamama yetu banazalia mu njia," aliniambia. "Banapandishwa pikipiki kuja Baraka, na mutoto anatokea mu matope. Wengine hatubafikishe. Ule mutoto njo tunaweka akiba yetu kwake."

Mama alisema hivyo kwa utulivu. Nilitaka sana Andjelani amalize. Alipokwenda stage, yaani mazoezi ya hospitalini, nilimuuliza muuguzi mkuu habari zake kama vile ni mwanangu mwenyewe.

Halafu, mwaka wa mwisho, mihogo ya Lubondja ikashikwa na ugonjwa. Kikundi hakikuwa na kitu. Kanuni ya shule ilikuwa wazi: mwenye deni haingii mtihani wa mwisho. Nikawa nimeanza kupanga maneno ya kumwambia yule binti, mara akatokea baba yake mdogo kutoka Misisi, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa hajaonekana tangu msiba wa kaka yake. Akalipa yote. Nikamshukuru Mungu, nikaandika risiti kwa jina la Andjelani, kama desturi.

Siku ya kutangaza matokeo, Andjelani alifaulu. Akina mama wa Lubondja walikuwa wanatandika vitenge chini apite juu yavyo, na vigelegele vinapasua masikio, pale ilipoingia familia nyingine, nayo imevaa sare. Mbele yao alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu wa Misisi pamoja na mwanawe Alimasi, na yule baba mdogo akijificha nyuma.

"Tunakuja kuchukua bibi yetu," akasema yule mzee, akimwonyesha Andjelani.

Ndipo tukajua. Ile karo ya mwaka wa mwisho haikuwa ya baba mdogo. Ilikuwa mali, ndivyo sisi tunavyoita mahari. Aliipokea kwa Baba Alimasi akaileta shuleni, na hakumwambia mtu. Alimasi na Andjelani walikuwa wanapendana, hilo si siri, lakini binti hakujua kwamba ameshatolewa mali.

Masera akatuingiza wote ofisini, akanigeukia mimi. "Percepteur! Ni nani alisomesha huyu mutoto?"

"Mi sijue, Masera."

"We njo ulipokea!"

"Nilipokea, lakini sijue."

Nilisema kweli. Siku zote nimewahubiria wanafunzi kwamba dawa ya deni ni kulipa. Lakini amlipe nani? Akienda Misisi, Lubondja wamepanda wengine wakavuna. Akienda Lubondja, yule mzee atadai mali yake, na baba mdogo hana hata kuku. Nikamtazama Andjelani. Alikuwa analia.

"Alimasi mi namupenda," akasema. "Lakini bale bamama bataendelea kuzalia mu njia sababu yangu?"

Mama Prezidenti alikuwa anafunga kitenge chake upya, polepole. Kisha akamuuliza Baba Alimasi kwa heshima kabisa:

"Muzee, mali ya binti inalipwa kwa nani?"

"Kwa mwenye alimulea."

"Na huyu nani alimulea?"

Mzee akamtazama baba mdogo, na baba mdogo akatazama viatu vyake.

"Basi baba zake njo sisi," akasema mama. "Tunashukuru, mali yenu imefika. Lakini ni ya kuanzia tu, hamuyamaliza bado. Na binti mwenye mali yake haiyaisha bado, anakaa kwa baba zake. Alimasi akimutaka, njia ya Lubondja anaijua."

Ofisi nzima ikacheka, na Baba Alimasi naye akacheka mwishoni, maana ni desturi yake mwenyewe iliyomfunga. Andjelani akaenda Lubondja. Alimasi akamfuata, akafungua duka dogo la dawa na sabuni karibu na maternite, yaani wodi ya wazazi. Kila mwaka huwapelekea wale akina mama kitu kidogo cha mali, na kila mwaka Mama Prezidenti hupokea, hushukuru, na kusema bado haijaisha.

Mimi nilistaafu bila kuelewa kama ule ulikuwa mkopo, mahari, au akiba. Nilidhani nimeachana na maswali hayo. Kumbe mjukuu wangu Feza amemaliza masomo na anataka uuguzi, na pensheni yangu mnaijua, inakuja kama mgeni asiyependa kwenu. Mimi niliyepokea karo za watoto wa watu nikakosa pa kuanzia. Nikapanda pikipiki hadi Lubondja.

Mama Prezidenti sasa ni mzee. Safari hii mimi ndiye niliyesimama. Nilipomaliza kueleza haja yangu, aliwatazama wenzake, wakatikisa vichwa kukubali.

"Tutamulipia," akasema. "Lakini Percepteur, unaelewa? Ataitwa mutoto wetu."

Nikasema naelewa. Andjelani, aliyekuwa mlangoni mwa maternite na koti lake jeupe, alinicheka wazi wazi. Nimerudi Baraka na karo ya mjukuu wangu mfukoni, na mpaka leo sijui kama nimekopa au nimeozesha.