Kupe wa Tumboni

Msichana wangu wa kwanza aliharisha siku mbili hapa Siakago, na mimi nikamnyima maji. Si nilifikiri tumbo likikauka litapona! Tulipofika hospitali, macho yake yalikuwa yameingia ndani na alilia bila machozi.

Sista akaniambia, "Mama, kuna vijidudu vimeshika ukuta wa utumbo kama kupe. Vinafanya utumbo umwage maji ya mwili. Mpe maji ya chumvi na sukari, polepole."

Nikamuuliza, "Kama ni kupe, si tumpeleke dipu ya ng'ombe akaogeshwe dawa?"

Sista alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamnywesha mtoto maji hayo na kijiko mpaka jioni. Halafu akalia tena, nikaona chozi. Wuui! Nililipangusa na kidole nikicheka.