Kona ya Kisu cha Bibi

Mwezi uliopita nilipanga chumba changu cha kwanza, hapa hapa Ifakara, nikaenda sokoni kununua vyombo. Muuza visu aliponiona nimeshika kimoja akaniwahi: "Dada, mtu wa maana hanunui kisu kimoja. Chukua seti, vipo sita." Nikamuuliza sita vya nini. Akacheka. "Wewe chukua tu, kazi zake utazijua mbele ya safari." Nilinunua kimoja, cha mboga, na usiku ule usingizi ukanipaa.

Bibi yangu alikuwa na vinne, na kila kimoja tuliijua kazi yake. Panga la kuni lililala nyuma ya mlango. Kisu cha samaki kilikuwa kimenolewa kwenye jiwe hadi kikawa chembamba kama jani la mpunga, na hata ukikisugua kwa majivu kilinuka kambale. Cha mboga ndicho pekee nilichoruhusiwa kushika. Cha nne, kidogo cha kujaa kiganjani, kilikuwa cha kuvunia. Bibi alikata suke moja moja, tik, tik, tik, siku nzima. Jioni alivihesabu vyote. "Kisu hakipotei," alikuwa akisema. "Kinasubiri."

Msimu ule, miaka ya tisini ikielekea mwisho, tulihamia shambani ng'ambo ya mto kama kila mwaka, kulala kwenye kibanda cha nyasi na kufukuza ndege. Wewe uliyekulia bondeni utakumbuka: harufu ya mpunga unaoiva, wali wenye moshi, koo lililokauka kwa kupiga kelele. Siku moja nilichukua kile kisu kidogo bila ruhusa, nimenye muwa. Kundi la ndege likashuka. Nikakimbilia mpungani nacho mkononi, nikirusha mabonge ya udongo, na niliposimama mkono ulikuwa mtupu.

Tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Nilipapasa mpaka jua likazama. Bibi alipouliza, nikasema labda kimebaki nyumbani Mlabani. Akaazima kingine.

Mwaka uliotangulia, mume wa jirani yetu alichomwa na msumari mguuni. Alicheka, akaendelea kulima. Baada ya siku chache taya likakaza, wakampeleka hospitali kwa baiskeli, na baiskeli ikarudi bila yeye. Kwa hiyo kila asubuhi, wakati wengine wanakunywa uji, mimi nilihesabu miguu. Bibi, miwili. Jirani, miwili. Wanawe watatu, sita.

Siku ya kuvuna majirani walikuja kusaidia, peku wote. Leo kwetu, kesho kwao. Nikatangulia mbele ya mstari wa wavunaji, nikiburuta nyayo topeni. Heri kinikate mimi.

"Huyu naye anacheza ngoma gani?" akauliza jirani, yule mjane. "Mwali, mchumba unamtafuta chini ya matope?"

Watu wakacheka, naye akazidi kuja, mpaka kona ya mwisho, pale niliporushia udongo. Akainua mguu.

"Mama, usikanyage! Kisu cha bibi kiko hapo!"

Kicheko kilikatika. Mjane akarudi nyuma taratibu, akikanyaga alama za nyayo zake mwenyewe. Hakunitukana. "Na ulikuwa unajua, mwanangu?"

Walikitafuta kwa majembe, hawakukiona. Bibi hakunichapa. Alichomeka mti, akafunga kitambaa chekundu, akaamuru kona ile isivunwe. Ndege wakaila. Mwaka uliofuata vilevile, na uliofuata, mpaka alipofariki: mpunga uliojiotea ukakomaa, umesimama peke yake, uliosazwa na ndege ukioza.

Wiki iliyopita nilikwenda. Shamba lina mwenyewe mwingine. Kibanda hakipo, mti haupo, trekta limepita na kona haijulikani tena. Hata ile tik, tik imekwisha. Wanavuna kwa mundu. Nilimsimulia kijana mwenye shamba.

"Dada, miaka yote hiyo? Kimeshaoza hicho!"

Huenda. Chuma huliwa na kutu, hilo hata darasani nilifundishwa. Lakini trekta hugeuza udongo, na kilichokuwa chini huja juu. Nilibaki nimesimama kwenye tuta, nikimtazama mkewe akivua ndala, akimshusha mtoto mgongoni, wakiingia wote wawili topeni.

Miguu minne.