Mzigo Hautuliwi Katikati ya Mlima

Sitaandika jina la mtu hapa. Binti yangu, anayenisahihishia herufi, anasema nitashtakiwa. Basi nitamwita Afande, kama wanavyomwita wote kuanzia Kasese mpaka Bwera, kwa sababu alikuwa askari kabla ya kuwa muuaji. Akisoma atajijua.

Kwetu Kyarumba, mtu akitwishwa gunia la kahawa hasimami mpaka afike. Si ubishi. Njia imesimama kama ukuta, na ukilitua gunia peke yako, nani atakurudishia kichwani? Tangu utoto tunaambiwa: ukishainuka nalo, panda, pumzi utaikuta juu. Afande hakuzaliwa mlimani. Alizaliwa kambini, mtoto wa askari aliyetoka mbali. Lakini desturi hiyo aliijua vizuri, na ndiyo iliyomleta kwetu.

Alikuja miaka saba iliyopita, amenona, na viatu vyeupe. Alisema huko pwani, kwenye mashua zinazopeleka wageni kuzamia na kutazama matumbawe, wanatakiwa wanaume wenye kifua. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, na Kiswahili changu nilikiokota sokoni Bwera. Nilikwenda pamoja na rafiki yangu wa Kyondo, tuliyekuwa tukibeba naye kahawa. Hata kuogelea hatukujua. Afande alicheka, akasema kuogelea ni kwa watu wa juu ya maji, sisi tungekuwa chini.

Kazi ilikuwa hivi. Mashua zilikuwa zikitupa nanga juu ya matumbawe na kuyavunja, kwa hiyo mwenye mashua alitaka yawekwe maboya ya kudumu ya kuzifungia, yafungwe kwenye mawe ya saruji huko chini. Tulivishwa mtungi wa hewa mgongoni, tukashuka na minyororo mipya, tukaifunga, halafu tukapanda kwa kushika kamba, mnyororo wa nanga ya zamani iliyonasa huko uko begani. Kwetu ilikuwa kama gunia tu.

Sitasema uongo, chini kulikuwa kuzuri. Matumbawe yalikuwa kama shamba la kabichi lililopandwa na kichaa, mengine ya zambarau, mengine kama pembe za swala. Samaki wa manjano walipita wamejipanga kama wanafunzi wanaokwenda gwaride. Husikii kitu ila pumzi yako mwenyewe. Siku ya kwanza nilisahau kuogopa. Hata hilo Afande aliniharibia, maana sasa nikiota matumbawe naamka nimekunja ngumi.

Yeye pia alizamia, ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Mkononi alikuwa na saa ya kumwonyesha kina na dakika. Sisi hatukuwa nayo. Na kila alipopanda, akikaribia juu, alisimama. Alining'inia kwenye kamba, miguu inaelea, hafanyi kitu. Tulimpita na minyororo yetu. Tulipokuwa wote kwenye mashua tulimcheka, tukamwambia ana mapafu ya kuku. Naye alicheka.

"Mimi ni muzee," alisema. "Nyinyi mupande kama munapanda kwenu. Mutu ya mulima hapana simama njiani."

Kama angetufundisha kusimama, boya moja lingechukua muda wa mawili, na alikuwa amemwahidi mwenye mashua kumaliza kabla wageni hawajajaa.

Siku ile tulishuka mara nne, na mara ya nne palikuwa na kina kirefu kuliko kote. Rafiki yangu alitangulia kupanda, mimi nyuma yake. Afande alikuwa pale pale kwenye kamba, ananing'inia. Alitutazama kupitia kioo cha miwani yake. Kisha alikunja miguu ili tupite.

Hiyo ndiyo nimeibeba miaka saba. Alikunja miguu ili tupite.

Rafiki yangu alipotolewa majini alisema kifua, neno hilo moja, kisha povu lenye damu likamtoka. Hakufika ufukweni akiwa hai. Mimi miguu ilikufa kuanzia kiunoni, wakanipeleka mjini wakaniingiza kwenye chumba cha chuma, kama pipa lililolazwa. Daktari aliniuliza nilisimama wapi nilipokuwa nikipanda.

"Sikusimama," nikamwambia. "Nilikuwa na mzigo."

Alivua miwani, akakaa. Akanieleza kwamba ukiwa chini hewa huingia kwenye damu, na ukipanda moja kwa moja damu hutoka povu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Lazima usimame karibu na juu, itoke polepole. Alisema hilo ni fundisho la siku ya kwanza.

Afande ndiye aliyemleta maiti Kyondo. Alimwambia mama wa rafiki yangu kwamba kijana aliingia majini amelewa waragi. Kwa hiyo wazee wa kanisa wakafupisha ibada ya mazishi. Mimi nilirudi baadaye na fimbo, nikasema niliyoyajua, lakini neno lake lilikuwa limeshatangulia. Wakaniambia nisamehe, eti uchungu utanila. Nikawaambia uchungu ndio unaonitembeza.

Mwaka huu nikasikia Afande atakuwa Kyarumba Jumapili, baada ya ibada, anatafuta wanaume kumi. Nilipanda boda kutoka Bwera, ninakokaa sasa, nikapitia Kyondo, nikamchukua yule mama. Nikamkalisha benchi la mbele uani pa kanisa. Sikumwambia kitu. Nilitaka asikie kwa mdomo wa Afande mwenyewe.

Afande aliongea vizuri, ana ulimi. Aliponiona alisema huyu naye alikuwa mtu wake, bahati mbaya tu. Watu wakanigeukia. Nikainuka na fimbo yangu.

"Afande, mimi na swali moja tu. Mutu akitoka chini kabisa, anasimama wapi?"

Nilijua hawezi kunyamaza. Mbele yake wanaume kumi walikuwa wakimtazama kama profesa, naye hapendi kuonekana hajui.

"Mita tano," akasema. "Dakika tatu, au zaidi. Hiyo kila mutoto ya bahari anajua."

"Na sisi ulituambia tusimame wapi?"

Nikawaambia watu maneno yake, neno kwa neno, na jinsi alivyokunja miguu. Yule mama akainuka taratibu, akamkaribia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa shati la Afande.

"Na wewe siku hiyo ulisimama?" akamuuliza.

Afande akachukua koti lake kitini.

"Basi mwanangu hakuwa amelewa," mama akasema, si kwake, kwa wazee wa kanisa. Mmoja wao akavua kofia.

Wanaume kumi hawakumpiga. Ningependa wampige, siwezi kuficha. Waliondoka tu mmoja mmoja. Vijana wa boda walipoitwa na Afande kila mmoja alisema petroli imekwisha. Akaanza kushuka kwa miguu, na koti lake begani.

Nilikaa kwenye benchi na yule mama, tukamtazama mpaka chini kwenye daraja. Alisimama mara sita. Nilihesabu kwa sauti, na mama akahesabu pamoja nami.