Mluzi wa Msimamizi

Ofisi ya malalamiko ilikuwa zamani stoo ya nyuzi, na mpaka leo ukivuta droo ya meza unakuta vumbi la pamba limejikunja kwenye pembe kama panya aliyelala. Haina dirisha. Ina meza, viti, feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, na ukuta unaotetemeka mchana kutwa, kwa sababu nyuma yake ndiko ziliko mashine za kufuma mablanketi. Mwanamke anayeketi humo ana cheo kirefu kilichoandikwa mlangoni, ila sijapata kuona mtu akikisoma. Wafanyakazi humwita Shangazi. Kesi iliyoshindikana kwa wengine, wanasema, huishia kwa shangazi.

Kabla ya kuwa afisa alikuwa mfumaji. Ukumbi wa kufuma una kelele ambazo hazimwachii mtu hata mawazo yake, kwa hiyo wafumaji huongea kwa midomo: unasimama mbele ya mwenzako, unaichezesha midomo bila kutoa sauti, naye anakusoma. Shangazi aliweza kusoma midomo ya watu waliokuwa upande wa pili wa ukumbi, wakiwemo waliokuwa wakimsengenya. Meneja alipotafuta mtu wa kusikiliza malalamiko alimchagua yeye, akisema kwamba mtu aliyekwisha kuyaona yote anayosemwa hawezi kutishwa na maneno.

Hakukosea. Mfanyakazi mmoja aliwahi kuja kumshtaki jirani yake kwa kupumua vibaya. Shangazi alimuuliza anaisikiaje pumzi katika ukumbi ule. Akajibu kwamba haisikii, anaiona. Shangazi alilisikiliza hilo mpaka mwisho kama alivyoyasikiliza mengine. Alikuwa amejifunza kwamba lalamiko huja limevaa nguo za kuazima. Mtu analalamikia feni, kumbe ameachwa na mkewe. Analalamikia kiti, kumbe vijana aliowafundisha kazi yeye ndio sasa wanamwamrisha. Ukilivua lalamiko nguo kwa haraka, mwenyewe anaona aibu na kukimbia nalo. Ukingoja, linavua lenyewe.

Asubuhi moja aliingia Chiriku, mfumaji wa mashine ya mwisho, mwanamke mwembamba ambaye jina hilo alipewa siku ya kwanza kazini kwa wingi wa maneno yake, na hakuna aliyelijutia. Siku hiyo aliufunga mlango kwanza, akavuta kiti.

"Shangazi, nafukuzwa kazi."

"Na nani?"

"Na mumeo."

Msimamizi wa ukumbi wa kufuma alikuwa mume wa Shangazi. Hilo halikuwa siri. Walikuja kazini pamoja kila asubuhi, wakaachana getini kama watu wasiojuana, wakarudi pamoja.

"Eleza," alisema Shangazi.

Uzi ulikuwa umekatika kwenye mashine ya Chiriku wakati yeye ameinama nyuma ya mashine akifunga uzi mwingine. Mashine ikaendelea kufuma pengo. Msimamizi aliliona akiwa mlangoni, akapiga mluzi. Chiriku hakugeuka. Akapiga tena. Chiriku hakugeuka. Mpaka msimamizi anafika pale kwa miguu, blanketi zima lilikuwa limepasuliwa katikati na njia unayoweza kupitisha mkono. Sasa amependekeza kwa meneja kwamba Chiriku aachishwe kazi kwa kukaidi mwito wa mkubwa wake.

"Uliusikia mluzi?"

Chiriku aliangalia mikono yake. "Wewe si mtu wa kudanganywa, Shangazi. Niliusikia. Mluzi ule unapita juu ya mashine zote."

"Mbona hukugeuka?"

"Kwa sababu mimi si mbwa. Mbwa wa jirani yangu anaitwa vilevile. Nilishaapa sigeuki tena. Anayenitaka aje mbele yangu aseme kwa midomo kama watu wengine. Lakini Shangazi, nyumbani kwangu hakuna mwingine anayeleta chakula. Mama yangu hainuki kitandani, na wanangu bado wadogo. Nikitoka hapa nitakwenda wapi?"

Shangazi alimwambia arudi kwenye mashine yake, kesi ingesikilizwa kesho. Kisha alikwenda kwa meneja kumuuliza kama haoni ni vyema shauri hili lisikilizwe na mtu mwingine, maana mshtakiwa ni mumewe. Meneja alikuwa akimenya yai.

"Mwingine nani? Mimi? Nina mambo mengi, mama. Yamalizeni nyumbani."

"Ya kazini nitayamalizia kazini."

"Haya. Nitakuja nikae pembeni. Lakini lisichukue muda."

Jioni, mezani, mume alikula nusu ya chakula chake kabla ya kusema.

"Nasikia nimeshtakiwa."

"Kesho, ofisini."

"Mimi ni mumeo."

"Hapa ndiyo. Ongeza mboga?"

Akaongeza mboga. Usiku huo hakuna aliyelala vibaya zaidi ya kawaida.

Kesho yake walikaa: meneja pembeni karibu na feni isiyogeuka upande wake, msimamizi na Chiriku wakitazamana na meza, Shangazi nyuma ya meza. Alimwita mumewe Msimamizi. Naye alimwita mkewe Afisa, kwa sauti ya mtu anayeonja dawa.

"Msimamizi, ulimwita huyu?"

"Nilimwita, Afisa. Mara mbili."

"Hakuniita," alisema Chiriku.

"Nilimwita. Ukumbi mzima ulisikia. Wengine wote waligeuka, yeye peke yake ndiye aliyeendelea kunionyesha mgongo. Pale ndani sauti ya mtu haifiki hatua mbili. Nifanye nini, nitume barua? Mbiu ya mgambo ikilia, mwenye akili anajua kuna jambo."

"Mimi si mgambo, mimi ni mfumaji."

"Ni mwito. Anayesikia mwito akakaa ni mkaidi. Sheria iko wazi."

Meneja alitikisa kichwa kukubali kwamba sheria iko wazi. Chiriku aliiona ajira yake ikiondoka chumbani taratibu, kama mtu anayetoka msibani asitake kuonekana.

"Basi msikie wenyewe," alisema. "Bosi, wewe hujawahi kuusikia. Ni hivi."

Akaweka vidole viwili kinywani, akapiga: mmoja mfupi, na mwingine mrefu unaopanda mwishoni. Alikuwa ameuiga barabara.

Shangazi alikuwa amesimama. Hakusimama kwa hasira wala kwa kushtuka. Alisimama kama mtu anayejua aendako, akaizunguka meza, akaupita mguu wa meneja, na mkono wake ulikuwa umeshika kitasa cha mlango ndipo alipotambua kwamba hakuna mahali anapokwenda.

Ukuta uliendelea kutetemeka.

"Bosi," msimamizi alisema, na uso wake uling'aa, "umeona mwenyewe. Mtu mzima, afisa, ameitika. Sasa huyu mwenzake ana masikio ya namna gani?"

"Shangazi, nisamehe," Chiriku alinong'ona. "Sikukusudia."

Shangazi aliendelea kushika kitasa. Alikuwa akikumbuka sebule ya kwanza waliyopanga, pazia badala ya mlango, yeye jikoni na mumewe upande wa pili, na mluzi ule ukipita chini ya pazia: chai. Mluzi: mgeni amefika. Mluzi: shati liko wapi. Nyumba zilibadilika, watoto walizaliwa na kuondoka, mluzi ukabaki, na mahali fulani njiani uliacha kuwa kitu anachokisikia. Ulikuwa umeingia miguuni. Alikuwa amesikiliza malalamiko ya kiwanda kizima, mpaka ya mtu anayepumua vibaya, na hili lilikuwa limeketi ndani ya mwili wake mwenyewe bila kubisha hodi.

Alirudi, lakini hakuketi.

"Meneja, kesi hii mimi siwezi kuiamua tena. Nimekuwa shahidi."

"Haya, shuhudia," alisema meneja, akiitazama feni.

"Umeitwa au hukuitwa?" mumewe aliuliza. "Sema kweli tu. Sisi wote tumeona."

"Nitasema kweli. Mtu akiitwa, anasikia. Akishasikia, anafikiri kidogo, hata kama ni kidogo sana. Halafu anaitika, au anakataa. Mimi nilikuwa mlangoni kabla sijasikia chochote. Hapo katikati sikuwepo. Sijui jambo hilo tunaliitaje, lakini si kuitwa. Mtu haitwi kwa namna hiyo."

"Miaka yote hii," alisema msimamizi, na sauti yake ilikuwa imesahau cheo, "miaka yote hii hujawahi kulalamika."

"Nilikuwa sijui kama lipo la kulalamikia, Baba Watoto. Na hata ningejua, ningelalamika kwa nani?"

Meneja hakupenda pale mambo yalipokuwa yakielekea. Alikuwa na mke naye, na alikuwa na njaa. Akasimama na kutoa uamuzi akiwa tayari anaelekea mlangoni: mtu ambaye hakuitwa hawezi kuwa amekaidi. Chiriku abaki kazini. Blanketi likatwe matambara ya kufutia mashine. Mluzi ukome, na kuanzia kesho msimamizi amfuate mfumaji pale alipo, aseme kwa midomo.

Chiriku aliinuka. Aliwapa mkono wote, hata msimamizi, ambaye aliupokea kwa sababu ulikuwa umeshafika.

Ukumbi wa kufuma ni mrefu. Msimamizi alianza kuutembea huku na huko, na jioni alivua viatu akiwa bado mlangoni. Wiki haikuisha, wafumaji wakatuma mjumbe kwa Shangazi na lalamiko jipya. Msimamizi anawajia, ndiyo, anasimama mbele yao, ndiyo, na anachezesha midomo. Lakini masharubu yake yameufunika mdomo wa juu wote, na hakuna anayeelewa hata neno. Mmoja alikuwa amezima mashine yake kwa sababu alidhani ndivyo alivyoambiwa, kumbe alikuwa akipongezwa.

"Nimewahi kumpongeza nani mimi," msimamizi alisema alipoitwa ofisini, lakini hakubisha zaidi. Alikwenda kwa kinyozi siku ileile.

Jioni hiyo Shangazi alikuwa jikoni, ameipa sebule mgongo, akiosha vyombo. Alihisi mtu yuko karibu, akageuka. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Mdomo wake wa juu ulikuwa mwembamba, mweupe kuliko uso, wa mtu mwingine kabisa, mdogo na mwenye wasiwasi. Shangazi hakuwa ameuona tangu kabla ya ndoa, na hakukumbuka kama hata wakati ule aliutazama. Midomo ilikuwa ikicheza. Hakuna sauti iliyotoka.

"Sema kwa sauti," alisema. "Hapa hakuna mashine."

Mumewe akaona haya. Alikuwa ameongea hivyo mchana kutwa.

"Nilikuwa nauliza kama bado umekasirika."

Shangazi alifikiri. Alichukua muda wake, na mumewe alisimama palepale akingoja, mikono ikining'inia, kama watu wanavyosimama mbele ya meza yake kila siku.

"Bado," alisema.

"Bado sana?"

"Bado tu."

Mume aliitikia kwa kichwa. Alitazama nyuma sebuleni, kwenye kiti chake chenye mto, akapima umbali, akaitazama miguu yake. Kisha akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza ya vyombo, akaketi pale jikoni, kwa sababu kurudi kule halafu aje tena kuuliza ilikuwa kazi kubwa.