Mafuta ya Mise ya Yaya

Siku ile nilikuwa nikishusha kikapu cha ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, kwenye bandari ya Kalundu, hapa Uvira. Kijiti cha kikapu kilinikwaruza mkono, kidogo tu, na ngozi ikatoka. Haikuchanika. Ilibanduka kama karatasi iliyolowa, ikaning'inia. Nilisimama nikiitazama nyama ya mkono wangu, na wachukuzi wakanipita wakidhani nimechoka.

Nilikuwa nimejipaka tyubu kwa miaka mingi. Ilianza Kalemie, enzi nilipokuwa nikizunguka na samaki kutoka pwani moja ya ziwa hadi nyingine. Nilipata upele wa shingo, muuza dawa akanipa tyubu ndogo ya krimu, upele ukaisha upesi. Uliporudi, nami nikairudia dawa. Kisha nikaona shingo imekuwa nyeupe kuliko uso, nikapaka na uso ili vifanane, halafu mikono. Watu wakasema nimekuwa brune, mweupe wa kupendeza, wakaniuliza ninakula nini. Katika kuhamahama kwangu nimesahau sufuria, nimesahau vitenge, na mwanaume mmoja nilimwacha Moba bila kumuaga, lakini tyubu sikuisahau popote.

Daktari aliyeniona baada ya mkono ule alinyanyua ngozi ya kiwiko changu kwa vidole viwili, akaiachia.

"Mama, hii dawa ni ya siku chache," akasema. "Weye umeifanya kuwa lotion. Sasa ngozi haijui tena kukaa bila yake."

"Nikiiacha?"

"Itawaka. Itatoa maji, itabanduka, itatulia, halafu itawaka tena. Inaweza kuchukua miezi. Usiogope, na usiirudie hata ukilia. Oga maji ya vuguvugu, paka vazelini kidogo, na urudi hapa nikuone."

Nilifikiri anatia chumvi. Niliacha, na haikupita wiki nikawaka. Uso ulivimba hadi macho yakawa mistari. Shingo ilitoa maji yaliyonata kwenye shuka. Nilikuwa nikisikia baridi huku ngozi ikiwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni. Asubuhi nilikusanya magamba kitandani kwa mkono na kuyatupa nje, na kuku wakayakimbilia. Kuwaona kuku wakidonoa ngozi yangu ni kitu ambacho sijui nikieleze vipi. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Ndipo nilipohamia kwa yaya, dada yangu mkubwa, anayekaa juu kidogo ya bandari na mjukuu wake, mtoto wa kike ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Yaya alinitazama mlangoni, hakunikumbatia kwa kuogopa kuniumiza.

"Hata nyoka anabandukaka mara moja tu, anamaliza," akasema. "Weye unabanduka kila asubuhi. Ingia."

Nikamweleza maneno yote ya daktari. Akasikiliza akitikisa kichwa. Vazelini aliidharau. Alisema ngozi yetu inajua mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za mchikichi, na siku iliyofuata akaanza kukaanga kokwa nyuma ya nyumba. Moshi wake uliponifikia nilirudi utotoni moja kwa moja. Mama yetu alikuwa akiyapika hivyo hivyo, akitupaka tukiwa tumepangwa mstari, vichwa hadi visigino, hadi tunang'aa. Nimelala katika miji mingi ya ziwa hili, na hakuna harufu niliyoitamani kama ile. Kwa hiyo yaya aliponijia na chupa, sikuuliza kitu. Nilimpa mgongo.

Nilipona. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Uvimbe ulishuka, maji yakakauka, nikalala usiku mzima. Yaya alinipaka kila jioni, akimaliza mimi anampaka mtoto kwa mafuta yale yale, na sote watatu tulinukia kama jikoni kwa mama. Niliwaambia majirani kwamba madaktari hawajui kila kitu. Kwa daktari sikurudi, maana nilikwisha kujiona mshindi.

Na kwa kuwa mimi sikai, mara miguu ilianza kuniwasha badala ya ngozi. Nikaenda Sange, kule bondeni, kutafuta mchele wa kuuza, nikafikia kwa rafiki yangu anayelima mpunga. Chupa niliiacha Uvira, ya nini tena? Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha nikaamka na shingo inawaka. Kufikia jioni rafiki yangu aliacha kula, akaniangalia.

"Uso wako uko unapanda kama mukate," akasema.

Tulilaumu jua la bondeni. Nikarudi Uvira nimejifunika kitenge kichwani. Yaya akanipaka, na kulipopambazuka nilikuwa nimetulia. Hapo ningeweza kujiuliza. Badala yake nilisema mafuta haya ni baraka, na nikamwomba anipikie chupa kubwa ya kusafiri nayo, kwani nilitaka kushuka hadi mji wa Baraka.

Akapika. Nilipoenda nyuma kuona kama yamepoa, nilimkuta ameketi kwenye kigoda, chupa katikati ya magoti, mtoto amemwegemea. Alikuwa akikamulia tyubu ndani ya mafuta. Tyubu ile ile, rangi ile ile. Aliikunja kutoka chini kama mtu anayemaliza dawa ya meno, akakoroga kwa kijiti.

Alinisikia, akainua macho. Hakushtuka. Aliyeshtuka ni mimi.

"Yaya, unatia nini?"

"Si ni tyubu."

"Nilikwambia daktari alikataza tyubu."

"Alikataza kujipaka tyubu. Mafuta hakukataza. Umejipaka tyubu hapa, weye? Minye nimekupaka mise."

"Tangu lini unatia?"

"Tangu zamani. Kila mama hapa anatiaka. Mise tupu ni ya kukaangia samaki." Kisha akaona uso wangu, sauti yake ikashuka. "Ulikuwa unalia kama mutoto. Nikaongeza kidogo."

Nikakaa chini kwenye maganda ya kokwa. Wiki zote zile sikuwa nimepona hata kidogo. Nilikuwa nimelishwa kile kile nilichokikimbia, jioni baada ya jioni, na mtu anayenipenda kuliko wote waliobaki. Sikuweza hata kukasirika. Kisha nikamtazama mtoto. Mashavu yake yalikuwa laini, mekundu kidogo, yakionyesha vimishipa vyembamba kama nyuzi. Tulikuwa tukiyasifu. Nilinyanyua ngozi ya kiwiko chake kwa vidole viwili, kama daktari alivyofanya kwangu, nikaiachia. Ilichelewa kurudi.

Yaya aliona. Alikuwa amenisikia nikisimulia jinsi yule daktari alivyonipima kiwiko, kila neno.

"Naye pia?" akauliza.

Akaiweka chupa chini polepole, mbali na mguu wa mtoto.

"Itamuwaka kama yako?"

"Sijui, yaya. Twende kwa daktari, tusimkatishie mtoto mafuta ovyo. Atatuambia namna ya kuyaacha."

"Atanigombeza."

"Atatugombeza wote wawili."

Alifuta mikono yake kwenye kitenge, akaifuta tena, kisha akashindwa afanye nini nayo, maana alizoea kumshika mtoto na sasa aliogopa kumgusa. Nikamchukua mimi. Nikamwogesha kwa maji ya vuguvugu, yaya akinimiminia kwa kikombe.

Baraka sikwenda. Shingo yangu iliwaka tena, vibaya kuliko mwanzo, na usiku yaya hulala karibu nami akiwa ameishika mikono yangu nisijikune. Akinisikia nalia, hainuki kuifuata chupa.