Taa ya Kijani Katika Shamba la Shangazi

Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado haujakauka, mwanafizikia amepiga magoti kwenye shamba la shangazi yake. Anagongomea kibomba cha chuma ardhini, anakichomoa, anausukumia udongo kwenye kikopo na kuandika namba. Hiki ni kikopo cha thelathini na saba. Shangazi amesimama kando, mikono nyuma.

Vikopo vitakwenda maabara vikapimwe uzito. Udongo utakaushwa ndani ya tanuri siku nzima, kisha upimwe tena. Uzito utakaopungua ndio maji yaliyokuwemo.

"Hii ni kazi ya mwanafunzi wa sekondari," mwanafizikia anasema bila kuinua macho. "Nilipaswa kuifanya mwanzo. Naifanya baada ya hasara."

Kwa miaka minne alitengeneza kifaa cha kupima unyevu: fimbo mbili za kuchomeka ardhini na kiboksi chenye kioo cha namba na taa. Ikiwaka kijani, maji yapo. Ikiwaka nyekundu, mwagilia. Mvua siku hizi ni za kusuasua, na wakulima kumi na wawili wa hapa wanategemea kisima kimoja, kwa hiyo walikipokea kwa mikono miwili. Wa kwanza alikuwa shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Msimu uliopita, maharagwe yakiwa kwenye maua, taa ilibaki kijani siku kumi na moja. Majani yakaanza kulala. Shangazi akapiga simu.

"Nikamwambia, mwanangu, udongo huu umekauka, nikiufinya unameguka," anasimulia. "Akanijibu, 'Shangazi, mkono unadanganya, namba hazidanganyi.' Sikumwagilia. Msomi ni yeye, mimi nilijua nini?"

Namba zilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwenye namba. Kifaa alikipima kwenye udongo wa kichanga wa nyuma ya maabara, na shamba la shangazi ni la udongo wa mfinyanzi. Udongo wa mfinyanzi ni bahili: maji unayo, lakini umeyabana, mizizi haiyapati. Unyevu unaotosha mmea wa mchangani unaweza kuuacha wa mfinyanzi ukifa kwa kiu.

"Nalijua hilo tangu chuo, na nalifundisha," anasema. "Ila mchanga ulikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Basi, sina sababu nyingine."

Shamba lililozoea kutoa magunia tisa lilitoa gunia moja na debe. Majirani saba wenye udongo kama huo nao waliumia. Vifaa viling'olewa vyote. Fimbo za kimoja sasa ni vigingi vya mbuzi. Mwanafizikia akipita huitwa Bwana Kijani, na shangazi hakuachwa salama. Kisimani walimwambia mtegemea cha nduguye hufa maskini, naye akacheka nao, akarudi nyumbani kulia.

Miezi miwili mwanafizikia hakukanyaga kwa shangazi. "Ningeanza na salamu gani?" anauliza.

Shangazi anamsikia. "Maharagwe yalinitia hasara," anasema taratibu. "Kutokuja kwako ndiko kulikoniuma."

Mwanafizikia anafuta kibomba kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Ombi lake ni moja: kukirudisha kifaa shambani msimu huu, akipime upya kwenye udongo wenyewe. Bila shamba hili hana pengine pa kuanzia, maana kwingine kote amefungiwa mlango. Shangazi alilifikiria ombi hilo wiki nzima, na jana akatoa jibu.

"Weka. Lakini hiyo taa uizibe, sitaki kuiona."

Ndiyo maana kiboksi kimefungwa utepe mweusi. Kila asubuhi shangazi atafinya udongo na kusema alivyouona, na mpwa wake ataliandika neno lake kando ya namba ya kifaa. Kuhusu maji, shangazi ndiye mwamuzi.

"Natumaini hadi mavuno namba yangu na mkono wake vitakuwa vinasema kitu kimoja," anasema. "Hapo ndipo nitaomba ruhusa ya kubandua utepe. Akikataa, nitapima msimu mwingine."

Anachomeka fimbo na kusoma namba. Kwa hesabu za zamani, maji yapo. Shangazi anainama, anachota udongo chini ya mche, anaufinya. Unameguka.

"Andika mkavu," anasema.

Mwanafizikia anaandika mkavu, kisha anakwenda kufungulia maji.